Mganga Asiyetoa Kitu Hewani

Benchi lile alilichomelea Cheche mwenyewe kwa vyuma vilivyobaki kwenye geti la mteja, na mguu mmoja ukatoka mfupi, ndiyo maana chini yake kuna kipande cha tofali mpaka leo. Liko mbele ya karakana yake, ubavuni kwa Mama Birika muuza kahawa, na asubuhi hukaliwa na watu wale wale: Breki fundi baiskeli, Uzi fundi cherehani, na Cheche, ambaye tangu moto wa kuchomelea ulipomharibu macho huvaa miwani myeusi. Kazi ya kuchomelea kamwachia mpwa wake. Yeye hukagua viungo kwa kugonga na kutega sikio, na chuma kikilia vibaya anakirudisha. Lakini siku hiyo hakukagua kitu. Alikuja kifua mbele, akaagiza kahawa ya wote, na Uzi akajua kuna jambo, maana Cheche si mtu wa kuwaagizia watu kahawa.

— Sema, mzee, alisema Uzi. Umeokota dhahabu au umepata mjukuu?

— Binti yangu anaandika kitabu.

— Yule wa maabara ya hospitali?

— Kwani nina mwingine? Kitabu cha hadithi. Kuna mganga humo, mwanamke, anatibu watu kwa kugeuza vitu. Mwenyewe anaiita alkemia ya kuponya. Ila si uchawi, kila kitu kina sayansi yake. Kesho anakipeleka kwa mchapishaji, na kuna mahali amekwama. Amenituma niwaulize nyinyi.

Breki alikaa sawa. Hajawahi kuulizwa jambo lisilo na tairi.

— Ametutaja kwa majina?

— Kasema, baba, waulize wale wazee wako wa benchini. Sasa sikilizeni. Kanuni ya kwanza, mganga hatoi kitu hewani. Mfupa una madini yale yale ya ganda la yai. Damu ina chuma. Akitaka kuunga mfupa atafute maganda, akitaka kuongeza damu atafute chuma.

— Kweli kabisa, alisema Breki. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Walishaipima.

— Hao walikuwa wanazungumzia undugu, alisema Uzi.

— Kwani ndugu hawana damu?

Cheche aliwanyamazisha kwa kijiko.

— Kanuni ya pili. Mwili ndio unaojiponya, mganga anauharakisha tu. Ngozi inajiziba, mfupa unajiunga, ini likikatwa linakua tena. Kazi ya wiki na wiki yeye anaimaliza kwa asubuhi moja. Lakini chakula cha wiki zote mgonjwa anakila asubuhi hiyo hiyo, na joto la wiki zote linatoka asubuhi hiyo hiyo.

— Si ataungua? aliuliza Mama Birika.

— Ndiyo maana analazwa ndani ya maji, na maji yanabadilishwa kila yakipata moto.

— Basi niletee mgonjwa mmoja kila siku, nipumzike kununua mkaa.

Cheche alicheka, kisha akashusha sauti, na wenzake wakasogea.

— Kanuni ya tatu ndiyo iliyomkwamisha. Kisichojijenga chenyewe, mganga hakiwezi. Sasa kuna mgonjwa wa mwisho kitabuni, na ugonjwa wake uko mahali pasipojijenga. Kanuni ikishikwa, mtu haponi. Ikivunjwa, anapona, lakini kitabu kizima kinageuka uongo. Anauliza, avunje au aache?

— Hakuna haja ya kuvunja, alisema Uzi. Kiraka. Suruali ikichanika gotini nakata kitambaa kwenye pindo. Achukue nyama mahali isipohitajika.

— Kwako angechukua ulimi, alisema Breki. Hapana, ni joto. Dawa ya moto ni moto. Mwili ukivamiwa na vijidudu si unapandisha homa? Basi ampandishe homa mpaka mahali pale palainike kama mpira, abandike, apoze.

— Atakuwa ameiva huyo, alisema Mama Birika. Kwa nini asimchanganye na mjusi? Mjusi mkia ukikatika unaota mwingine.

— Na mgonjwa akiota mkia? aliuliza Breki.

— Nitamshonea suruali yake, alisema Uzi. Mkia si kilema.

Mapendekezo yakafika mahali mtaa mzima unapangwa foleni, kila mtu anatoa chembe yake na kupungua kimo kidogo, na Breki akijitetea kwamba yeye tayari ni mfupi. Kila pendekezo Cheche alilikataa kwa neno lile lile: mwanangu hatoi kitu hewani. Alilisema kwa raha, kama mtu anayetaja cheo.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama pembeni na kikaango kilichokatika mpini, akisubiri fundi. Breki akamsogezea nafasi.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kaa, mama, tunatibu.

Mwanamke alikaa, kikaango mapajani.

— Nimewasikia, alisema. Huyo mgonjwa wa mwisho, anaumwa nini?

Breki alimtazama Uzi. Uzi alimtazama Cheche.

— Hakuniambia, alisema Cheche. Jioni hunisomea, sura kwa sura, maana mimi herufi sizioni tena. Hiyo ya mwisho tu ndiyo hajanisomea.

Alipomaliza kusema, aliyasikia maneno yake mwenyewe yakilia kama kiungo kilichoshika juu juu. Akakumbuka chumba cha daktari wa macho. Daktari alisema pazia la nyuma ya jicho likiungua halijijengi, na binti yake, anayejua mambo hayo vizuri, aliuliza swali lile lile mara nyingi, kila mara akiligeuza kidogo.

  

Cheche alinyoosha mkono, akapewa kikaango, akakigonga kwa kucha na kusikiliza.

— Hiki kinaungika. Mpe mpwa wangu ndani.

Kisha akawageukia wenzake.

— Nitamwambia asivunje.

— Hata kidogo? alisema Breki kwa sauti ya chini. Ni hadithi, Cheche. Nani atajua?

— Mimi nitajua. Nimelea mtoto anayeshindwa kusema uongo hata ule wa kumponya baba yake. Mnadhani wako wangapi? Huyo ni wangu mimi.



— Na mgonjwa je? aliuliza Uzi.

— Mganga akae naye, amsomee. Hilo halivunji kanuni.

Mama Birika aliinamisha birika amwongezee, likatoa mashapo matupu. Cheche hakungoja nyingine. Binti yake alikuwa likizo, yuko nyumbani na karatasi zake. Aliinuka, akaupapasa ukuta wa karakana mpaka kwenye kona, akaenda kifua mbele vile vile alivyokuja, kudai sura yake ya mwisho.