Ng'ombe Haiko

Mheshimiwa Bwana DO, Chifu wetu, masheikh na wachungaji, wazee wa Kiorma na wa Kipokomo, akina mama mliotoka Hewani na Minjila, nanyi vijana mliojazana madirishani: salamu zangu ziwafikie kila mmoja kwa daraja yake. Mimi Nana, mwalimu wa kikundi cha maigizo cha hapa Garsen, nimepewa kazi ya kumuaga Mzee Kotile. Leo anastaafu uigizaji, na tangu aigize katika mchezo ule wa televisheni akachekwa, hasemi tena Kiswahili mbele za watu. Ndiyo maana sitanii.

Nani hapa hajawahi kusema "Ng'ombe haiko"? Basi likikuacha, ng'ombe haiko. Mchumba akikukataa, ng'ombe haiko. Mwanangu Waleed, aliye chuoni Nairobi, ananiambia wenzake wanatumiana picha ya mzee huyu kwenye intaneti, mdomo wazi, maneno hayo chini yake, na watu wasioijua hata Garsen wanavunjika mbavu. Sokoni Minjila akipita, wauza maziwa wanampokea nayo badala ya salamu. Jamani, mtu mzima!

Sasa nisikilizeni. Katika mchezo ule alitakiwa aseme, "Ng'ombe wangu wote wamechukuliwa na mafuriko." Nilimfundisha mwenyewe, akashika vizuri. Watu wa kamera wakamsimamisha ukingoni mwa mto, pale pale mafuriko ya El Nino yalipowabeba ng'ombe wake wa kweli. Alipoyaona yale maji, maneno yangu yakampotea. Akaanza kuita kwa Kiorma: anataja jina, anangoja, anataja jingine, anangoja. Kwao kila ng'ombe ana jina lake, na akiitwa huja. Hakuja hata mmoja. Akatugeukia, akasema, "Ng'ombe haiko." Wallahi nililia. Huko mjini wakayakata majina yote, wakabakisha lile neno la mwisho, nchi nzima ikacheka. Nauliza: ingekuwa wewe, mali yako yote imekwenda na maji, ungekumbuka sarufi?

Mzee Kotile, umetuigizia kwa heshima, na sisi hatukukuheshimu. Hilo limeniuma sana. Kikundi kimekuletea mtamba, amefungwa hapo nje. Hatujampa jina, maana hiyo si kazi yetu. Mwite kwa lugha uitakayo, nasi tutanyamaza.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunitegea masikio. Mzee, toka uangalie. Ng'ombe iko.