Blanketi la Jeremy

Bwana asifiwe, kanisa. Mimi naitwa Zedekiah, ndugu mdogo wa marehemu, na familia imenituma nisome, ingawa masomo yangu yaliishia darasa la saba, kwa hivyo nikikwama mnivumilie. Wale mliopita kumtazama mmeona blanketi la kahawia miguuni mwake, na nimesikia mkiulizana chini kwa chini, hilo nitalifikia.

Marehemu Hezekiah Nzau Kitonga alizaliwa tarehe 3 Machi 1957 huko Mbooni, mtoto wa tatu wa Mzee Kitonga na mama yetu Ngina, ambao walishatangulia mbele za Mungu. Alisoma shule ya msingi pale kijijini, akaja Nairobi kwa mjomba wetu kusomea ufundi wa injini, na mwaka wa 1979 akaajiriwa katika karakana ya ndege ndogo pale Wilson, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu mwaka wa 2012, bila kuonja pombe hata siku moja, jambo ambalo mimi siwezi kusema juu yangu mwenyewe, Mungu anirehemu.

Tarehe 12 Desemba 1987, siku ya Jamhuri, alifunga ndoa kanisani na Veronicah Kamene, ambaye sote tunamwita Mama Jeremy, na Mungu akawajalia watoto watatu, Jeremy Kitonga aliyezaliwa mwaka wa 1989, Debra ambaye anafanya kazi Hurlingham, na kitinda mimba wetu Anita.

Alipostaafu, yeye na Jeremy walianza kujenga ndege ya viti viwili kwa mikono yao, katika banda la mabati nyuma ya nyumba, kule Karen inakoishia karibu na msitu, na majirani wakambatiza jina la Rubani wa Mabati. Jeremy alikuwa akimtania, "Mzee, nitang'oka meno kabla hii kitu iruke," naye anajibu bila kuinua kichwa, "Shika spana, wacha mdomo," na hiyo ndiyo ilikuwa furaha ya nyumba ile kwa miaka saba.

Tarehe 20 Julai 2019 ilikuwa siku ya kuwasha injini mara ya kwanza, majirani wamekuja, chai iko tayari, ukungu umeshika mpaka kwenye ua, na ile baridi ya Julai mnaijua. Oili ilikuwa nzito kwa baridi, betri ikazungusha kidogo ikachoka, na marehemu, akiwa ameketi ndani, akamwambia Jeremy aizungushe propela kwa mkono. Injini ikashika mara moja, ikarudi kinyume, propela ikampiga Jeremy kichwani, na hakufika hospitali akiwa hai.

Baada ya mazishi ndugu yangu hakulia, alitafuta hita ya kupasha ile injini joto. Mwezi wa Mei mwaka uliofuata aliniita nimsaidie kuifunga, akakwangua rangi chini ya bakuli la oili mpaka chuma kikang'aa, akagandisha mkeka mwembamba wa mpira wenye nyaya za moto ndani yake, akazungushia kila silinda mshipi wake, akapitisha waya mbali na ekzosi hadi kwenye soketi ya ukutani. Mimi nilikuwa nyuma yake, akanyoosha mkono bila kugeuka, nikamwekea spana, akasema, "Asante, Jeremy." Nikamwandalia spana nyingine, na mpaka leo sijui kama nilipaswa kumsahihisha.

Toka hapo, kila jioni alichomeka ile hita na kuifunika injini kwa blanketi la Jeremy, lile la kahawia alilokwenda nalo shule ya bweni, na kila asubuhi alitia mkono chini yake, akipata joto anarudi kunywa chai. Injini yenyewe haikuwashwa tena hata siku moja. Mama Jeremy alimwambia, "Baba Jeremy, hiyo injini inafunikwa kuliko mimi," naye akajibu, "Asubuhi akija asiipate baridi." Tulimwombea sana kwa sababu hiyo, hatukumwombea kitu kingine ila apumzike.

Mwezi wa Mei mwaka huu moyo wake ulianza kushindwa, akalazwa hospitali kule Upper Hill, na kila jioni alipiga simu nyumbani kuuliza swali moja tu, "Umeiwasha?" Mama Jeremy, ambaye kwa karibu miaka sita alikuwa hakanyagi banda lile, aliingia akaiwasha ile hita kila siku. Tarehe 8 Julai 2025, jioni, ndugu yetu alituacha, na Mama Jeremy alipopata habari alikwenda akachomoa waya.

Kesho yake niliingia bandani, waya uko chini, nikatia mkono chini ya blanketi, na injini ilikuwa na joto kama tumbo la mtu aliyelala. Nikadhani ni joto la jana. Siku iliyofuata bado, na nyingine tena, wiki nzima, na stima ya banda nilikuwa nimezima mwenyewe. Mimi ni mtu wa kanisa, mambo ya mizimu siyaamini, na kama nimekosea kuyasoma hapa Mchungaji anisamehe, lakini yeye naye alitia mkono, akautoa, akasema, "Tuombe."

Jana Mama Jeremy aliingia peke yake, akakunja lile blanketi, akalipeleka mochari pamoja na suti, akasema afunikwe nalo yeye sasa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomshughulikia, majirani waliolala nasi nje kwenye baridi hii, mafundi wenzake walioacha kazi zao leo, na wote watakaotusindikiza hadi Mbooni, ambako atalazwa kando ya Jeremy.

Asubuhi hii, kabla ya kuja hapa, nilipitia bandani nikatia mkono. Injini ni baridi, Baba Jeremy. Hakuna anayeingoja. Pumzika kwa amani.