Historia ya Marehemu Pima Maji, Fundi Vigae Aliyeuliza Siku Zake

Ndugu waombolezaji, marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Pima Maji, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa mhunzi na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha akaingia chuo cha ufundi na kuhitimu uashi mwaka 1975.

Aliweka vigae kwa miaka arobaini na saba, na jina hilo, la kifaa cha fundi cha kupimia usawa, alilipata kwa sababu alikuwa radhi abandue sakafu nzima kuliko kuacha kigae kimoja kimekaa upande. Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2019 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume, akatibiwa, akapata nafuu, na mgongo ulipoanza kumuuma Januari 2023 sote tuliilaumu kazi ya kuinama, hadi tarehe 2 Mei, miguu ilipoanza kufa ganzi, na vipimo vikaonyesha saratani imeingia kwenye uti wa mgongo.

Binti yake mkubwa alimsihi daktari wa mionzi amfiche baba yake ukweli, lakini mzee alisikia minong'ono, akasema, "Mwanangu, siku ni zangu, mbona mnazigawana bila mimi?" Daktari akavuta kiti, akamweleza kwamba wao hutazama saratani ilianzia wapi, imesambaa kiasi gani, na kama mgonjwa bado anatembea, na kwamba kwa hali yake alikadiria miezi mitatu hadi sita. "Sawa," akajibu, "ila ukikosea, kosea kwa kuzidisha." Angeweza kupigwa mionzi siku kumi au mara moja tu, na kwa kuwa nafuu ya maumivu ingekuwa karibu sawa, akachagua mara moja, tarehe 16 Mei.

Wiki mbili baadaye, maumivu yamepungua, alikwenda na mkongojo kwa mdogo wake, ndiye huyu anayewasomea, ambaye hawakuwa wamesemezana naye kwa miaka kumi na moja, akabisha hodi, akasema, "Nimekuja, wala sitaki kujua nani alianza." Tulikunywa chai, ikapoa, tukapasha nyingine.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 26 Septemba 2023, mkewe akiwa amemshika mkono. Tunamshukuru daktari kwa kutomdanganya, wauguzi, majirani waliombeba ngazini, na mafundi wenzake.

Pumzika kwa amani, kaka, na asante kwa kuja.