Fundi Zima-Washa na Folda Iliyoitwa Muda

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na kwa niaba ya familia ninawasomea maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Zima-Washa, kwa kuwa kila aliyempigia simu kulalamikia kompyuta aliulizwa kwanza kama ameizima na kuiwasha.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili wa fundi saa na mshonaji, akasoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya nyumba yetu, ambako alichelewa karibu kila siku kwa sababu ya ujirani huo, kisha akaenda sekondari, na mwaka 1987 akapata cheti cha ufundi wa umeme.

Januari 1988 aliajiriwa katika ofisi ya upimaji ardhi kutengeneza taipureta, na kompyuta zilipoingia akahamia huko na bisibisi zake zilezile, akawafundisha wenzake kuhifadhi kazi kabla ya kwenda kunywa chai, na kutoliita faili kwa jina la "Mwisho Kabisa Mpya 2", maana mwenye faili hilo, alisema, ameshapotea yeye mwenyewe.

Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na shemeji yangu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja.

Sehemu inayofuata aliagiza isirukwe. Mwaka 2009 kompyuta za ofisi zilijaa, naye akaandika skripti, yaani maagizo mafupi ambayo mashine huyafuata yenyewe, ya kufuta kila Ijumaa jioni vyote vilivyomo katika folda iitwayo Muda kwenye kila kompyuta, akabandika tangazo ukutani kwamba humo viwekwe vitu vya muda tu. Katibu muhtasi alikuwa likizo ya uzazi, na aliporudi hakuna aliyemwambia. Simu yake ilikuwa inakufa, akahamishia kwenye kompyuta ya mezani kwake sauti za marehemu mama yake, katika folda aliyoiita Muda, kwa sababu mama huyo alimalizia kila ujumbe kwa maneno yaleyale, "Haya mwanangu, ukipata muda, njoo."

Jumatatu alimfuata marehemu akamwuliza, "Kaka, Muda wangu uko wapi?"

Mkuu wa ofisi alisema marehemu hana kosa, tangazo lilikuwepo, naye akajibu kwamba tangazo halikumfuata mtu likizo. Alikaa na diski ya kompyuta hiyo wiki kadhaa akitafuta, akaokoa kipande kimoja tu, "Haya mwanangu, ukipata", kikakatika hapo. Katibu muhtasi alilia, akamshukuru, na shukrani hiyo ndiyo iliyomwelemea, akamwambia mkewe, "Angenitukana ningelala."

Tangu hapo skripti zake hazikufuta kitu bila kumwuliza mwenyewe, na nyumbani halikutupwa gazeti wala chupa kabla hajazunguka akiuliza ni ya nani, hadi shemeji akamwambia, "Baba watoto, hata ganda la ndizi unalitafutia mwenyewe?", nasi tukacheka sana, miaka yote hiyo, bila kujua tunacheka nini, na leo kicheko hicho kinatusuta.

Februari 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akalazwa mara kwa mara, na kila alipotembelewa na katibu muhtasi alimwomba radhi upya, mpaka siku moja dada huyo akamsogezea simu sikioni, akamsikilizisha kile kipande, akamwambia, "Kaka, hiki kidogo nilicho nacho umenipa wewe." Marehemu aligeukia ukutani, na kama alikubali kusamehewa hatujui, wala si kazi yetu kumwamulia. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Oktoba 2022, alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotuletea viti na kulala nasi, wafanyakazi wenzake wote, na kwa namna ya pekee katibu muhtasi, aliyeichapa historia hii, na ambaye kila tulipomwambia futa mstari huu alituuliza kwanza kama tuna uhakika.

Pumzika, kaka. Sasa umepata muda.