Kibao cha Ukuta wa Kambi

Lile benchi la kijiweni ni la wanaume, mimi nikipita huwa nasalimia huku natembea, lakini leo nilikaa, mtoto mgongoni, maana jana mchana wanajeshi walimchukua mume wangu na kamera yake na mpaka sasa sijui yuko wapi, geti la kambi wananiambia nenda polisi, polisi wananiambia rudi kambini. Mume wangu ni mpiga picha wa mtaani, kijiweni wanamwita Tabasamu. Mtaa wetu kuta zote zimebabuka, ukuta wenye rangi ni mmoja tu, ule wa kambi ya jeshi, wa kijani na maua chini yake, basi kila mwenye nguo mpya anataka apigwe pale. Jana ilikuwa zamu ya bibi harusi, ndipo walipomkamata. Nikachukua bahasha ya picha alizosafisha za pale ukutani, nikaenda kwa rafiki zake watatu wa hapo kijiweni kuuliza kitu kimoja tu, ni kosa au si kosa.

— Kosa, shemeji, akasema Wakili, ambaye sheria hakusoma, aliwahi tu kuwa shahidi kwenye kesi ya mbuzi. — Eneo la jeshi halipigwi picha bila kibali.

— Hata ukuta wa nje?

— Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisema ujenge, hawakusema upige picha.

— Acha kumtisha mke wa mwenzio, akasema Gundi, fundi viatu, uzi mdomoni. — Palikuwa na kibao pale, kamera imekatwa mstari mwekundu. Wamekichomoa walipopaka rangi, hawajakirudisha. Mtu atajuaje?

— Kutojua sheria si utetezi. Ila... hapo kwenye kibao, hakimu mwenye roho anaweza kulegea.

Nikataka kumwambia aendelee hapo hapo kwenye hakimu, Kinyozi akaniwahi:

— Nyie mnaongelea kibao! Haba na haba hujaza kibaba. Leo bibi harusi, kesho ubatizo, adui anaunga picha anapata kambi nzima.

— Adui gani anataka picha ya ubatizo?

— Gundi, wewe urefu wako unajulikana. Ukisimama pale ukapigwa, wanakupima wewe, wanapata urefu wa ukuta. Wanajua walete ngazi ya namna gani!

— Kwa urefu wangu huu wataleta stuli.

Walicheka. Mimi sikucheka, mtoto aliamka akaanza kulia.

— Halafu kwa nini kila mtu anamwambia atabasamu? akasema Wakili, sauti chini. — Mmewahi kujiuliza? Meno ni hesabu. Ukifungua mengi, askari ni wengi.

— Mimi nimetabasamu pale mara nne, akasema Kinyozi, na safari hii hakutania. Alinyanyuka, akaingia kibandani kwake, akarudi na picha aliyokuwa ameibandika juu ya kioo, yeye na shati jeupe na ule ukuta. Akaitumbukiza kwenye jiko la muuza kahawa, chini ya birika.

— We! Hiyo kazi ya Tabasamu!

— Ndiyo maana. Gundi, na ile ya mkeo?

Gundi alitazama barabara huku na huku, akaitoa kwenye boksi la misumari. Ikaingia. Ya Wakili ilikuwa kwenye pochi, ikafuata.

— Na hiyo bahasha, shemeji, akasema Kinyozi.

— Humu yumo mwanangu, siku aliyosimama mara ya kwanza.

— Wakija kupekua wakaikuta, huyo mwanao utamwachia nani? Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Nilijua methali hiyo haikai hapo, nilisoma shule, lakini mtoto alikuwa amenishika shingo na mimi nawaza wanaume wenye buti ndani ya chumba chetu kimoja. Nikaitoa bahasha yote. Gundi mwenyewe ndiye aliyesukuma makaa.

Akaja dada mmoja, sijawahi kumwona, kiatu mkononi kimeachia soli. Akasubiri, akasikia Gundi amerudia maneno ya kibao, akasema:

— Kibao kipo mbona. Nimepita sasa hivi, simenti yake bado mbichi.

Wakili aliweka kikombe chini.

— Jana hakikuwepo, nikamwambia, nikashangaa sauti imenitoka. — Mtaa mzima unajua jana hakikuwepo!

— Basi mbona rahisi, dada. Si mnapiga picha pale kila siku? Nani kati yenu anayo moja, akaonyeshe?

Alimtazama Wakili, akamtazama Kinyozi, akamtazama Gundi. Muuza kahawa akainua birika, na pale kwenye makaa picha ya Kinyozi ilikuwa inajikunja, shati kwanza, kisha meno.