Sufuria ya Maharage Angani

LAZARE: Haloo? Ni nani huyo? Kama ni watu wa chanjo, mzee Lazare amesafiri.

KEZA: Babu, ni mimi. Keza.

LAZARE: Ah, afande wangu. Ungeanza na jina, roho ilishashuka magotini. Habari za Parramatta?

KEZA: Salama. Shikamoo, babu.

LAZARE: Marahaba, mjukuu wangu. Umekula?

KEZA: Nimekula. Babu, nisikilize, nina robo saa tu. Leo saa kumi na moja jioni ndiyo mwisho wa kuchagua mafunzo ya kiangazi. Sisi tunaosomea uofisa tumepewa kozi tatu, kila mtu abonyeze moja kwenye fomu. Asiyechagua atachaguliwa.

LAZARE: Unaruka. Hilo limekwisha.

KEZA: Sijabonyeza bado. Kuna ya kuruka na parachuti. Kuna ya kuishi porini wiki tatu, kaskazini kule kwenye joto na mamba. Na kuna ya ugavi.

LAZARE: Ugavi ndio nini?

KEZA: Kulisha watu. Chakula, maji, mafuta ya malori, kuhakikisha kila kitu kinafika kwa wakati. Wenzangu wanaiita kozi ya masufuria.

LAZARE: Masufuria. Mjukuu wa Lazare Bigirimana. Na mimi nimeshatangaza kanisani kwamba unaruka. Mama Léocadie ameiombea parachuti yako, kamba kwa kamba—

KEZA: Kanisa gani? Hujaingia kanisani tangu mwezi wa sita.

LAZARE: Kwenye Zoom. Nilisahau kuzima sauti, wakasikia wote.

KEZA: Wenzako wamesharudi kukaa kwenye viti. Wewe peke yako ndiye uliyebaki kwenye skrini ukutani kama picha ya marehemu, kwa sababu hutaki kuchanja.

LAZARE: Mkono huu ni wa mwanajeshi, haudungwi ovyo. Turudi kwenye parachuti.

KEZA: Ndiyo sababu nimekupigia. Babu, mimi naogopa kwenda juu. Kwa shangazi Diane, ghorofa ya nne tu, sikanyagi ile baraza yake. Nakunywa chai nimeegemea friji.

LAZARE: Sasa jeshini uliwaambiaje?

KEZA: Hawakuuliza. Wewe ndiye mtu pekee ninayemjua aliyewahi kuruka. Umenisimulia tangu nina miaka sita. Sasa nataka ukweli. Kama wewe uliweza, na mimi ni damu yako, nabonyeza kuruka sasa hivi. Kama hukuwahi, niambie.

LAZARE: Nakuapia kwa ng'ombe wa marehemu baba yangu, wale wenye pembe ndefu, kila neno ni kweli tupu. Nikipatikana nimeongeza hata chembe ya chumvi, nakwenda kwa miguu yangu mwenyewe nikadungwe hiyo chanjo. Mikono yote miwili.

KEZA: Umesema wewe.

LAZARE: Nimesema mimi. Basi, sikiliza. Tulipanda juu, juu, mpaka Ziwa Tanganyika ukiliona ni kama bakuli la mchuzi. Kamanda akafungua mlango, akasema atangulie Lazare. Nikamuuliza, na chakula cha watu je? Akanijibu, ruka nacho. Wakanifunga sufuria kifuani, maharage ya watu mia moja na ishirini, yanachemka—

KEZA: Yanachemka ndani ya ndege?

LAZARE: Ndege za zamani zilikuwa na nafasi. Nikaruka. Nashuka huku nakoroga. Nilipogusa ardhi yalikuwa yameiva, na sikumwaga hata tone.

KEZA: Kamba ya parachuti uliivuta kwa mkono gani?

LAZARE: Mkono wa... [mtandao unakwaruza] Kulia nilikuwa na mwiko.

KEZA: Na kushoto?

LAZARE: Mfuniko.

KEZA: Kwa hiyo?

LAZARE: Kwa meno.

KEZA: Babu.

LAZARE: Nilikuwa nayo yote wakati huo.

KEZA: Haya. Na ile mara mlipozingirwa mlimani siku tisa, mliokolewa na nini?

LAZARE: Nilikuwa nimeficha gunia la maharage.

KEZA: Na yule kanali wa adui mliyemteka bila kumwaga damu?

LAZARE: Alikuja mwenyewe. Alifuata harufu.

KEZA: Harufu ya nini?

LAZARE: Mtandao wako unakata, Keza.

KEZA: Haukati. Vita vyako vyote vina maharage, babu. Hakuna hata kimoja chenye bunduki.

LAZARE: Bunduki ni siri ya jeshi.

KEZA: Sawa. Na mimi nikusimulie. Juzi kuna koplo alikuja kutufundisha. Akatuambia mwezi wa nane, magharibi yote ya Sydney tukiwa tumefungiwa kwa korona, yeye na mwenzake walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuangalia kama waliotengwa wametulia ndani. Huko St Marys wakagonga mlango mmoja. Sauti ikajibu kwa Kiingereza kwamba hakuna mtu. Ikajibu tena kwa Kifaransa. Ikajibu tena kwa Kiswahili. Koplo akaandika kwamba watu watatu hawapo.

LAZARE: St Marys ni kubwa.

KEZA: Walikuwa wanamtafuta mtu anayeitwa Nduwimana. Ni jina la baba yangu. Kwetu kila mtu ana jina lake, lakini Mzungu akiandika jina la mtoto anafikiri aliyemzaa naye anaitwa hivyo, kwa hiyo mzee wakamwandika hilo. Mzee akashikilia kwamba Nduwimana haishi hapo, na katika yote aliyosema siku ile, hilo ndilo lililokuwa kweli.

LAZARE: Mimi waliokuja kwangu niliwakagua. Mmoja nilimwambia anyooshe kofia.

KEZA: Koplo alisema mlango ulipofunguliwa alitoka mzee ameinua mikono, mmoja una mwiko. Akawakalisha kwenye ngazi. Kila wakimuuliza jina anawaongezea maharage. Yalikuwa na ndizi na mawese. Mpaka leo koplo anayaota. Darasa zima lilicheka. Hata mimi nilicheka. Halafu nikaacha.

LAZARE: Kwa nini ukaacha? Kisa kinachekesha.

KEZA: Ile mikono.

LAZARE: Askari akigonga, unamlisha kwanza. Mtu aliyeshiba anakuwa na subira. [anakohoa] Mambo ya zamani hayo. Saa ngapi sasa?

KEZA: Kumi na moja kasoro dakika tano. Nabonyeza?

LAZARE: Kiangazi hiki wamesema kutakuwa na upepo.

KEZA: Kidole kipo juu ya neno. Wewe umeapa kwa ng'ombe, mimi nakuamini wewe. Nikifika mlangoni mwa ndege nitasema babu yangu alipita hapa. Moja, mbili—

LAZARE: Keza. Ondoa kidole.

KEZA: Kwa nini?

LAZARE: Ondoa kwanza.

KEZA: Nimeondoa.

LAZARE: Parachuti niliiona mara moja. Ilikuwa imefunika magunia ya maharage, mvua isiyalowanishe.

KEZA: Na wewe?

LAZARE: Mimi nilikuwa wa maharage. Askari walinichukua njiani natoka sokoni, hakuna aliyeniuliza kama nataka. Nilipika miezi minane, kisha nikatafuta njia ya kwenda Tanzania. Sare sikupewa. Walinipa aproni.

KEZA: Na miaka yote hii umenisimulia—

LAZARE: Ulikuwa na miaka sita, kwenye kambi ya wakimbizi, unalia kila helikopta ikipita. Nikakuambia babu yako aliwahi kutoka kwenye kitu kama hicho akicheka. Ukanyamaza. Ungenyamaza kwa aproni?

KEZA: Sijui.

LAZARE: Usingenyamaza. Nakujua.

KEZA: Zimebaki dakika tatu. Sasa mimi nichague nini?

LAZARE: Nikuambie moja ambayo haina ndege. Kuna wakati lori la chakula lilizama kwenye tope. Watu mia moja na ishirini, siku ya pili hawajala, na bondeni kuna kijiji. Askari mwenye njaa anaona moshi wa jiko la mtu, unaelewa? Haendi kuomba chumvi.

KEZA: Naelewa.

LAZARE: Nikashuka mpaka barabarani, nikawasimamisha vijana wa baiskeli, wale wanaobeba ndizi. Nikawabembeleza, nikawatukana, nikawaahidi mabinti ambao sikuwa nao. Kila baiskeli gunia moja, mpaka juu. Kabla ya jua kuzama wakala. Wakalala palepale, vinywa wazi. Kile kijiji hakikuguswa.

KEZA: Hiyo hujawahi kunisimulia.

LAZARE: Haina parachuti.

KEZA: Ni kweli?

LAZARE: Hiyo siiapii.

KEZA: Nimebonyeza.

LAZARE: Keza, umebonyeza nini?

KEZA: Masufuria.

LAZARE: Na wenzako watakucheka.

KEZA: Wenzangu wataruka, babu. Halafu wakifika chini watauliza chakula kiko wapi.

LAZARE: [anacheka, anakohoa] Waloweke maharage tangu jana yake, waambie. Haya, nashukuru kwa simu, salimia shangazi yako, Mungu aku—

KEZA: Mikono yote miwili.

LAZARE: Haloo? Mtandao—

KEZA: Umeapa kwa ng'ombe wa baba yako. Wenye pembe ndefu.

LAZARE: Walikuwa wawili tu. Na mmoja hakuwa na pembe.

KEZA: Duka la dawa karibu na stesheni halifungwi mpaka saa kumi na mbili. Nesi ni dada Jerusha, yule Mkenya wa kwaya. Nimempigia, amesema atakuwekea nafasi.

LAZARE: Kwa mguu ni mbali, na goti hili lina risasi.

KEZA: Goti hilo lina gauti. Chungulia dirishani.

LAZARE: [mlio wa pazia] Hilo gari jekundu ni la nani?

KEZA: Mimi ndiye niliyemo.

LAZARE: Uko hapo tangu saa ngapi?

KEZA: Tangu ulipokuwa juu ya ziwa. Miezi mitano naongea na wewe kupitia geti hili, nimechoka. Mwezi ujao naondoka kwenda mafunzoni, na siendi nikiwa nimekuacha hivi. Chukua barakoa na kadi yako ya matibabu.

LAZARE: Wanichome mmoja tu leo. Wa kushoto. Wa kulia ni wa mwiko.

KEZA: Mmoja leo, mwingine baada ya wiki chache. Ndivyo zinavyochomwa. Ulipoapa ulikuwa hujui.

LAZARE: Nipe dakika mbili.

KEZA: Za nini? Babu, nasikia mfuniko. Unafanya nini?

LAZARE: Naweka kidogo kwenye bakuli.

KEZA: Jerusha ni nesi, siyo askari.

LAZARE: Anakuja na sindano. Ashibe kwanza.

KEZA: Haya, lete. Funga mlango wa nyuma. Na usiende kumwambia habari za ndege.

LAZARE: Nitamwambia niliruka mara kumi na—

KEZA: Babu.

LAZARE: Mara moja. Kutoka kwenye lori.

KEZA: Babu.

LAZARE: Lilikuwa limesimama. Washa gari, nakuja.