Bomoa, Mpiga Dramu Aliyetuzoesha Kuanguka

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, na hasa kwa niaba ya dada yake mkubwa, aliyetaka historia hii isomwe bila kupakwa rangi, tunawaomba mkae, na nyie wa bendi, mliovaa tisheti za RIP LEGEND mlizochapa hata mwili haujatoka mochwari, kaeni pia.

Marehemu ndugu yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Bomoa, alizaliwa tarehe 9 Novemba 1978, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi redio na mshonaji, ambao wote wamekwisha kututangulia, katika nyumba ya vyumba viwili ambamo, tangu alipojua kukaa, hakuna sufuria iliyobaki na umbo lake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1986, akaendelea na sekondari, alikosimamishwa kwa kupiga dawati katikati ya mtihani, kisha akajiunga na chuo cha ufundi umeme, akakiacha ikiwa imebaki kidogo ahitimu, akimwambia mama, "Umeme nimeshauelewa, sasa naenda kuutumia," na mama akaingia chumbani akafunga mlango.

Mwaka 1999 aliajiriwa kuhudumia mitambo katika kiwanda cha uchapaji, akafukuzwa kwa kuja kazini amelewa, na mwaka 2001, yeye na mpiga gitaa aliyeketi pale mbele, wakaanzisha bendi ya roki, na hapa tumpe haki yake, jamaa alikuwa anajua, hata wapiga dramu waliomchukia walijibanza nyuma ya spika waione mikono yake ikifanya kazi. Shida ni kwamba alikichukulia kipaji kama leseni ya kujimaliza. Mwaka 2009 alivunjika mkono, akafungwa plasta, dada yake akamkuta jikoni anaikata kwa kisu cha mkate, akamuuliza, "Wewe una akili kweli?" naye akajibu, "Dada, punguza presha, shoo ni Jumamosi, mfupa utaunga Jumapili."

Ni miaka hiyohiyo alipoanza ule mchezo wake, kwamba wimbo wa mwisho ukiisha anajirusha kutoka kwenye kiti, anaangusha dramu zote, analala chali kama maiti, na ukumbi unapiga makofi mpaka anyanyuke, na dada alipomwambia, "Siku ukianguka kweli, nani atajua?" alicheka sana, akasema sisi wengine hatuelewi sanaa.

Alifunga ndoa mwaka 2003 na mhudumu wa maabara, ambaye yupo hapa leo kwa hiari yake na tunamheshimu kwa hilo, maana saa ya keki aliachwa peke yake mbele ya wageni, bwana harusi amekwenda kumnyang'anya vijiti mpiga dramu wa kukodi. Walijaliwa binti mmoja, tarehe 2 Juni 2005, wakatengana mwaka 2013.

Mwaka 2021 madaktari waligundua kwamba moyo wake umetanuka kwa sababu ya pombe, wakampa dawa na kumwambia aache pombe na jukwaa, yeye akaacha dawa. Tarehe 14 Machi mwaka huu, mwisho wa wimbo wa mwisho, alianguka, dramu zikaanguka naye, watu wakapiga makofi, mpiga gitaa akaivuta noti yake akimsubiri anyanyuke, akaivuta, akaivuta. Alifariki tarehe 17 Machi, wodini, dada yake akiwa amemshika mguu, na si stejini kama mnavyoandika huko mtandaoni.

Binti yake alikuwa mstari wa mbele siku ile, naye alipiga makofi, na tangu hapo hali, halali, anarudia neno moja tu, "Nilimshangilia baba anakufa." Sasa binti, shangazi yako anasema usikilize. Hatukudanganyi kwamba dakika zile za makofi hazikuwa na maana, daktari mwenyewe hakusema hivyo, lakini aliyezipoteza ni baba yako, aliyetufundisha miaka yote hiyo kwamba akiwa chini tumshangilie, nawe ulifanya alichokufundisha, kwa mapenzi, kama ukumbi mzima. Mzigo huo ni wake. Tunamzika nao.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliomhudumia mgonjwa mbishi bila kumnunia, majirani, waliovumilia kelele na leo wamebeba viti, wenzake wa kiwandani, waliokuja ingawa aliwaaga kwa matusi, na bendi pia, kwa gari na kwa machozi, ila tisheti hizo mzivue kabla hatujaenda makaburini.

Bomoa, tumekukasirikia, na hasira hii bado tunayo, utuvumilie kama tulivyokuvumilia. Pumzika kwa amani, binti yako anarudi nyumbani na sisi.